Nedelya Mbili

Stamena alikuwa barazani akipiga kinanda, na kama kawaida kinanda kilikuwa kinamtia hasira. Kilikuwa kinanda cha mkono, kile kinachovaliwa kifuani kwa mikanda miwili, kikavutwa na kusukumwa huku vidole vikikimbia juu ya vitufe. Kilikuwa cha marehemu babu yake. Vitufe viwili vilikuwa vimekufa kabisa na mvukuto wake ulivuja hewa ubavuni, hivyo kila wimbo ulitoka na mapengo, kama mtu anayecheka bila meno ya mbele.

Ilikuwa Alhamisi. Stamena alikuwa ametoka shule, amelisha kuku, ameosha vyombo, na sasa alikuwa na muda wake mwenyewe kabla mbuzi hawajarudi kutoka malishoni. Jumapili ilikuwa sikukuu ya kijiji cha Topolka. Yeye, mtoto wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyechaguliwa kufungua horo, ile ngoma ya kushikana mikono kwa duara ambayo babu yake aliifungua kila mwaka hadi alipofariki. Tena Mwalimu Lazarova alikuwa ameahidi kwamba atakayepiga vizuri siku hiyo atamwandikisha akasikilizwe na shule ya muziki mjini. Nafasi ilikuwa moja tu.

"Toa sauti, wewe," Stamena alikiambia kinanda, akakikandamiza kitufe kwa kidole gumba.

"Hakitoi," sauti ikasema kutoka langoni. "Kigonjwa."

Stamena akainua kichwa. Mzee asiyemjua alikuwa amesimama nje ya lango, ameshika baiskeli yenye sanduku la mbao nyuma ya kiti. Alikuwa mrefu, masharubu meupe, kofia ya kitambaa mkononi. Alikuwa amefumba macho, kama mtu anayeendelea kusikiliza wimbo ambao umeshakatika.

"Wewe ni nani?" Stamena akauliza.

"Arkadi. Fundi." Akafungua sanduku lake. Ndani kulikuwa na koleo ndogo, vipande vya ngozi, gundi, na vilimi vya chuma vyembamba kama kucha. "Mimi, vinanda. Naponya."

Alikuwa Mrusi, aliyekuja kiangazi kile kuishi na binti yake aliyeolewa mjini. Lugha yao na ya Topolka ni kama ndugu wa baba mmoja. Maneno mengi yanafanana, na mengine yanafanana sura tu. Mzee aliongea, Stamena akaokota neno hapa na neno pale, na yale yaliyobaki akayajaza mwenyewe. Alielewa kwamba ngozi ya ndani imekauka, kwamba vilimi viwili vimevunjika, na kwamba dawa yake iko nyumbani kwa mzee, si hapa barazani.

Bibi Vidka, bibi yake, alikuwa kwa jirani wakichoma pilipili hoho za kuweka akiba ya baridi. Stamena alijua kwamba alitakiwa kwenda kumuuliza kwanza. Alijua pia jibu ambalo angelipata. Akavua mikanda mabegani.

"Utakirudisha lini?" akauliza.

Mzee akawaza, akahesabu kitu kichwani, akasema sentensi ndefu ya lugha ya kwao. Katikati ya sentensi hiyo Stamena akasikia neno moja alilolijua tangu utotoni: nedelya. Topolka nzima inajua kwamba nedelya ni Jumapili.

"Nedelya?" akarudia, ili awe na hakika.

"Nedelya," mzee akasema, akajipiga kifua kwa kiganja. "Ahadi."

"Bila kukosa?"

"Bila. Nedelya."

Akakifunga kinanda juu ya sanduku kwa kamba, taratibu, kama anayemfunga mtoto mgongoni, akapanda baiskeli na kuteremka barabara ya kwenda mjini.

Bibi Vidka aliporudi, mikono ikinuka moshi na pilipili, alisimama mlangoni na kuutazama msumari mtupu ukutani.

"Kiko wapi?"

"Nimempa fundi."

"Fundi yupi?"

"Mzee Arkadi. Anakaa mjini."

"Mjini wapi?"

Stamena akautazama msumari naye.

"Mjini wapi, nakuuliza," Bibi Vidka akasema, na sauti yake ikawa ya chini, jambo lililokuwa baya zaidi ya kelele. "Kile kinanda hata padri aliniomba nikamnyima. Wewe umekitoa langoni kama mtu anayemwazima jirani kikombe cha sukari."

"Atakileta nedelya, bibi. Ameahidi."

"Tutaona hiyo nedelya."

Ikafika Jumapili. Siku hiyo Bibi Vidka hakugusa sindano wala beseni, maana yeye hakuwahi kufanya kazi siku ya Jumapili tangu azaliwe, na aliyefanya kazi mbele yake alimkemea. Stamena alivaa sketi ya bibi yake yenye nakshi nyekundu, akaketi langoni tangu asubuhi akiitazama barabara. Ilipita mikokoteni, yakapita magari ya wageni kutoka vijiji vya jirani. Baiskeli yenye sanduku haikupita.

Mchana uwanja ulijaa. Watu walikuwa wameshakula nyama na mikate ya jibini, na sasa walikuwa wanangoja. Bwana Mincho mwenye duka, aliyesimamia sherehe, alitazama saa yake, akamtazama Stamena, akatazama tena saa.

"Piga basi," akasema Genko, kijana aliyekaa dawati moja na Stamena na ambaye hakuwahi kuipoteza nafasi ya kumchokoza. "Au mwaka huu unatupigia makofi tu?"

"Nyamaza, Genko."

"Sisemi kitu. Nauliza tu kama horo ya leo ni ya kimyakimya."

Watoto waliokuwa karibu wakacheka. Bwana Mincho akakata shauri, akawasha spika, na horo ya Topolka ikafunguliwa kwa muziki wa simu. Watu walishikana mikono wakacheza. Stamena alibaki pembeni na sketi yake nyekundu, masikio yakimwaka moto.

Hapo Bibi Vidka akafika, na hasira aliyokuwa ameiweka tangu Alhamisi ikatoka yote mbele za watu.

"Umeridhika sasa? Babu yako alikibeba kile kinanda kwenye theluji, akakifunika kwa koti lake akatetemeka yeye. Na wewe umekitoa mwenyewe kwa mikono yako."

Watu waligeuka. Bwana Mincho akapunguza sauti ya spika. Stamena aliyaona macho yote yale, akaona Genko anatabasamu. Alikuwa na hasira na mzee Arkadi, na bibi, na Genko, na nafsi yake. Kati ya hao wote, mmoja tu ndiye ambaye hakuwapo pale kujitetea.

"Sikumpa," akasema. "Alinipokonya."

"Alikupokonya?"

"Aliingia langoni akanipokonya."

Uwanja ukanguruma. Hasira yote iliyokuwa juu yake ikamwacha, ikahamia kwa mtu mwingine, na kwa muda mfupi Stamena alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wake kwenye bega la mpita njia. Bibi Vidka alimvuta akamkumbatia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, lakini akauficha uso wake kifuani kwa bibi.

Maneno hayo hayakukaa Topolka. Bwana Mincho alipiga simu kijiji cha Drenka, Drenka ikapiga simu mjini. Jumanne asubuhi Genko alikuja shuleni mbio, amejaa habari.

"Mwizi wako kaonekana Drenka," akamwambia Stamena. "Wamemtoboa tairi la baiskeli. Dereva wa basi naye kasema hampandishi tena."

"Vizuri," Stamena akasema.

"Tena kuna lingine. Ile nyumba ya utamaduni mjini, wanakofundisha ngoma na muziki, walikuwa wampe vinanda vyao vyote avitengeneze, kazi ya msimu mzima wa baridi. Sasa wamesema wataketi Jumatatu ijayo waamue. Mwizi hapewi kazi."

"Vizuri," Stamena akasema tena, ila mara hii neno lilitoka likiwa limekauka. Akajikumbusha kwamba mzee aliahidi nedelya na hakuja, na kwamba kinanda hakipo msumarini. Akaishika hasira yake kwa nguvu, maana aliona kwamba akiiachia kidogo tu kutakuwa na kitu kingine chini yake.

Jumatano Mwalimu Lazarova, aliyewafundisha lugha, aliingia darasani na kuuliza leo ni siku gani.

"Sryada," darasa likajibu. Ndivyo wanavyoiita Jumatano.

"Na sryada maana yake nini?"

"Katikati," akasema Genko. Kisha akakunja uso. "Ila si kweli, mwalimu. Wiki inaanza Jumatatu. Jumatano ni ya tatu kati ya saba. Katikati ni kesho."

Mwalimu Lazarova alifurahi sana. Alikuwa mwalimu wa namna hiyo, akiulizwa swali gumu anakuwa kama aliyepewa zawadi. Akaandika ubaoni. Jumanne, vtornik, ni ya pili. Alhamisi, chetvartak, ni ya nne. Ijumaa, petak, ni ya tano.

"Ya kwanza iko wapi?" akauliza. "Jumatatu ndiyo ya kwanza, lakini haiitwi ya kwanza. Inaitwa ponedelnik, siku inayofuata nedelya. Na nedelya yenyewe ni maneno mawili yaliyoshikana, 'si' na 'kazi'. Siku isiyo na kazi. Wahenga wetu walipumzika, kisha wakaanza kuhesabu siku za jasho, ya kwanza, ya pili, hadi ya tano. Sasa Genko, anza kuhesabu kutoka nedelya badala ya Jumatatu. Nini kinakaa katikati?"

Genko akahesabu kwa vidole. "Jumatano," akasema, na kidogo akashangaa.

"Basi. Wengine walihesabu hivi, wengine vile, na majina ya pande zote mbili yakabaki. Hakuna aliyerudi kuyapanga."

Sisi tunaosema Jumatano, yaani ya tano, na kesho yake tukasema Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu ni ya tano tena, hatuna haki ya kuwacheka.

"Lakini neno nedelya lilisafiri zaidi," mwalimu akaendelea. "Kwa majirani zetu, likaja kuwa na maana..."

"Halina maana yoyote," Stamena akasema.

Mwalimu Lazarova akashusha chaki.

"Umesemaje, Stamena?"

"Nasema halina maana, mwalimu. Mtu anakuapia nedelya, anajipiga kifua, halafu haji. Siku isiyo na kazi. Siku isiyo na maana vilevile."

"Labda anahesabu kutoka katikati," Genko akanong'ona.

Stamena akachukua kitabu na kumpiga nacho begani. Hakumpiga kwa mchezo. Genko akapiga ukelele, dawati likaanguka, na Mwalimu Lazarova akanyoosha kidole mlangoni.

"Toka nje. Ukipoa utarudi."

Stamena alisimama ukumbini, mgongo ukutani, mpaka kipindi kikaisha. Kupitia mlango alisikia sauti ya mwalimu ikiendelea kufundisha, lakini maneno hakuyasikia. Hakuwa amepoa.

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa. Jioni Stamena alikuwa anafunga zizi la mbuzi alipomwona mtu akipanda kilima kwa miguu, anasukuma baiskeli yenye tairi lililolala. Hakuwa na koti. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni, na maji yalimtiririka kutoka kwenye masharubu. Koti lake lilikuwa juu ya sanduku, limefunika kitu kikubwa, na limefungwa kwa kamba.

Alikuwa Arkadi.

Stamena alikwenda langoni lakini hakulifungua.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuleta," mzee akasema, akihema. Aliufungua uso wake kwa tabasamu, akaona uso wa Stamena, tabasamu likakatika. "Tayari. Kizima."

"Ulisema nedelya."

"Nedelya," mzee akakubali.

"Leo ni Alhamisi."

"Alhamisi. Ndiyo. Nedelya."

"Nedelya imeshapita. Nilikaa hapa tangu asubuhi nikikungoja. Watu walinicheka."

"Haijapita," mzee akasema, na sasa na yeye sauti ilipanda. "Leo. Nedelya, leo."

"Wewe mzee una akili kweli? Nedelya ni Jumapili."

"Nedelya ni nedelya," mzee akafoka, akapiga ngumi kwenye nguzo ya lango. Alikuwa amechoka, amelowa, ametukanwa njia nzima, na hapa mwisho wa njia mtoto alikuwa anamtukana tena. "Nimesema nedelya, nimekuja nedelya. Vijijini wananirushia mawe. Kwa nini?"

Bibi Vidka alitoka ndani na ufagio mkononi. "Ndiye huyu? Ndiye aliyempokonya mtoto?"

"Nedelya," Arkadi akamwambia naye, kama mtu anayetafuta shahidi.

"Usinitajie siku ya watu hapa," Bibi Vidka akajibu, akiuinua ufagio.

Mwalimu Lazarova alikuwa anapanda barabara na mwavuli wake. Alikuja kuleta habari, lakini kelele zilimfikia kabla yeye hajafika. Alisimama kati ya lango na ufagio, akamsemesha mzee kwa lugha yake. Mzee akajibu maneno mengi, haraka, akionyesha kinanda, tairi na mbingu. Mwalimu akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua alimtazama Stamena.

"Jana nilikuwa naeleza jambo hilihili," akasema. "Wewe ulikuwa ukumbini."

"Jambo gani?"

"Kwamba neno nedelya kwa Warusi liliacha kuwa siku. Waliposema nedelya walikuwa wanataja mapumziko, kisha polepole wakawa wanataja muda wote kutoka mapumziko hadi mapumziko. Kwao nedelya ni wiki nzima. Siku yenyewe wanaiita Ufufuko. Mzee huyu alikwambia atarudi baada ya wiki moja. Alikuja Alhamisi. Leo ni Alhamisi."

Mvua ilisikika juu ya vigae. Bibi Vidka aliushusha ufagio, akafungua lango.

"Gundi ya ngozi inakauka polepole," mwalimu akaongeza. "Anasema angewahi angekupa kinanda kibovu."

Arkadi alikuwa ameshaingia barazani. Alifungua kamba, akaondoa koti lililolowa chapachapa, na chini yake kinanda kilikuwa kikavu. Akakaa kwenye benchi, akavaa mikanda, akapiga. Hakupiga wimbo, alipanda tu kitufe kimoja baada ya kingine, kutoka chini hadi juu. Ilipofika zamu ya vile viwili vilivyokuwa vimekufa, vikaitika kama vingine. Bibi Vidka alikaa kwenye ngazi ghafla, akaufunika mdomo kwa aproni.

Arkadi akasimamisha kinanda. Akauliza kitu, na mwalimu akakitafsiri, ingawa Stamena alikuwa ameelewa.

"Anauliza kwa nini wanamwita mwizi."

Stamena alitamani hasira yake irudi. Ilikuwa imemsaidia wiki nzima. Sasa aliitafuta, akaipata, lakini ilikuwa imegeuka na kumtazama yeye.

"Mimi ndiye niliyesema," akasema. "Nilisema alinipokonya."

"Hakukupokonya?" Bibi Vidka akauliza taratibu.

"Nilimpa mwenyewe, bibi. Ulinigombeza mbele za watu, nikasema vile."

"Na mimi nikakukumbatia," Bibi Vidka akasema. Uso wake ukawa mwekundu. "Nikawaambia watu wa Drenka kwa mdomo wangu mwenyewe. Mtoto wewe. Mtu mzima anarushiwa mawe, anatembea kwenye matope na koti lake kakivika kinanda chetu, na sisi ndio tuliotupa jiwe la kwanza. Ondoka mbele yangu kabla sijasema nitakalojutia."

"Asiondoke," Mwalimu Lazarova akasema. Hata yeye alikuwa na hasira, ilionekana jinsi alivyokuwa akiukunja mwavuli wake vibaya. "Nisikilize, Stamena. Neno nedelya lilikutelezesha. Lingemtelezesha mtu yeyote, na kwa hilo hakuna wa kukulaumu. Lakini 'alinipokonya' halikutoka katika lugha ya mtu mwingine. Hilo ulijua maana yake, ukalichagua. Mtu mwenye hasira anataka awe na haki saa ileile, hangoji kuuliza. Ungemngoja mzee ukamuuliza, 'Ulikuwa na maana gani?' hayo yote yasingekuwapo. Kuuliza hakuchukui muda. Kurudisha jina la mtu ndiko kunakochukua."

Stamena alifuta uso. Alikwenda mpaka kwenye benchi, akasimama mbele ya mzee.

"Babu Arkadi," akasema, na hakujua kwa nini amemwita hivyo. "Nitasema ukweli mbele ya wote walionisikia. Nedelya, watu wakitoka kanisani."

Mwalimu akashtuka. "Jumapili hii? Stamena, mimi nilikuja kukuletea habari. Shule ya muziki imekubali kukusikiliza hata kama hukupiga sikukuu. Ni Jumapili hii hii, na basi linaondoka wakati watu wanatoka kanisani. Hakuna basi lingine siku hiyo."

Stamena alikitazama kinanda. Vidole vyake vilijikunja vyenyewe.

"Utasema Jumapili nyingine," Bibi Vidka akasema, bado amekasirika, lakini sauti imepungua.

"Wanaketi Jumatatu," Stamena akasema. "Kwenye nyumba ya utamaduni. Wakishaamua, Jumapili nyingine itamsaidia nini?"

Mwalimu alimweleza mzee. Arkadi akapunga mkono, hapana, hapana. "Mtoto aende," akasema. "Muziki kwanza. Mimi, nimezoea."

"Nimeshasema nedelya," Stamena akajibu.

Mzee akamtazama. Chini ya masharubu kitu kikasogea.

"Nedelya yangu, au yenu?"

"Yetu. Mtondo."

Jumapili ilikuwa kavu na yenye upepo. Watu walipoanza kutoka kanisani, basi lilikuwa tayari limesimama kando ya uwanja, injini ikinguruma, dereva akivuta sigara yake ya mwisho. Stamena alipanda juu ya ukingo wa mawe wa bomba la maji la kijiji. Kinanda alikuwa amekiacha nyumbani. Hakutaka mtu afikiri amekuja kupiga. Arkadi alikuwa nyuma kabisa, ameshika baiskeli yenye kiraka kipya kwenye tairi, na watu walikuwa wamemwachia nafasi kubwa kila upande.

"Nina neno," Stamena akasema. "Jumapili iliyopita nilisema mzee Arkadi alinipokonya kinanda."

"Sema kwa sauti," Genko akapaza kutoka nyuma. "Huku hatusikii."

Zamani angetafuta jiwe la kumrushia. Sasa alivuta pumzi na kuanza upya, kwa sauti kubwa, na hasira iliyokuwa ndani yake akaitumia kuisukuma sauti hiyo mpaka ukuta wa duka la Bwana Mincho.

"Nilisema mzee Arkadi alinipokonya kinanda. Nilidanganya. Nilimpa kwa mikono yangu. Akasema atarudi baada ya wiki, nami nikasikia Jumapili. Alirudi siku aliyosema. Mmemtoboa tairi, mmemnyima basi, na kisa ni mimi. Bwana Mincho, nakuomba upige simu tena Drenka, na mjini, kabla ya kesho."

Hakuna aliyecheka. Hata Genko alikuwa anatazama viatu vyake. Dereva alitupa sigara, akapanda, akafunga mlango. Honi ililia mara mbili, kama ilivyo desturi kwa abiria aliyechelewa. Mwalimu Lazarova, aliyekuwa karibu na bomba, aligeuka kulitazama basi, kisha akamtazama Stamena.

Stamena hakugeuka. Alisikia magurudumu yakisaga kokoto, akasikia basi likipinda kona ya mti wa jozi, likiteremka, likipungua, na yeye bado alikuwa anasema, maana alikuwa hajafika mwisho.

"Jina lake ni Arkadi," akasema. "Ni fundi wa vinanda. Huyo pale."

Akashuka. Bwana Mincho alikuwa ameshavua kofia na anapita katikati ya watu kuelekea kwenye ile baiskeli, simu mkononi. Bibi Vidka alikuja, akamfunga Stamena skafu vizuri shingoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, maana hasira yake ilikuwa haijaisha yote.

"Leo ni siku isiyo na kazi," akasema. "Isipokuwa hiyo uliyoifanya. Twende nyumbani."